Maji Hayana Mzaliwa wa Kwanza

Kaka yangu aliniita nyumbani baada ya sisi kukatwa kutoka mkoa wa Arusha na kuambiwa sasa ni watu wa Manyara. Hakuniita kwa ajili ya salamu. Kijiji kilitaka kuchimba kisima, na hakukuwa na mwanamume hata mmoja aliyejua jicho la maji, ile chemchemi ya zamani, lilikuwa wapi. Nilishuka Dongobesh, nikashika njia ya Tumati kwa miguu, na hasira ikatembea mbele yangu.

Ungepaona pale nilipokuwa mtoto, rafiki yangu, usingeniuliza hasira ya nini. Kwetu ni vilima viwili vya udongo mwekundu vinavyotazamana, katikati bonde. Ni baridi na ukungu. Siku ukungu ukiinuka unaona mlima Hanang umekaa peke yake kule mbali. Nyumba zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likalingana na ardhi, hata mbuzi alipita juu ya vichwa vyetu tukila. Ng'ombe walilala ndani na sisi. Alfajiri wasichana tulizoa samadi kwa vikapu tukaipeleka shambani, mgongo una joto, miguu inauma kwa umande. Ndipo unapewa uji wa mtama na maziwa ya mgando, na baada ya uji, kibuyu. Nenda majini.

Bonde lilikuwa malisho ya wote. Hakuna aliyelima pale, wala kukata miti iliyozunguka maji. Wazee walisema maji yale yana wenyewe wasioonekana. Mama yangu, mtu wa kanisani kila Jumapili, hakusema hivyo, lakini panga lake pia halikufika pale.

Wavulana waliishia chini, ng'ombe wanaponywea. Jicho lenyewe, juu ndani ya miti, lilikuwa letu wasichana. Mwanamume akichota maji angechekwa. Mimi nililijua kwa unyayo: unapita mwamba ulioinama kama ng'ombe aliyelala, unashuka mpaka ubaridi ukushike kisigino, unaondoa majani, unasubiri maji yatulie. Binti wa mwenye ng'ombe wengi akitaka kutangulia, mama alisema, "Maji hayana mzaliwa wa kwanza." Akarudishwa nyuma.

Tukakua, tukaozwa. Mmoja kijiji cha Daudi, mwingine Katesh, mimi mbali zaidi. Watu wetu walitutoa sisi na njia ya maji pamoja, wakapokea mahari, na hakuna aliyetuuliza tunaondoka na nini.

Zikaja siku za ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Malori yakafika Dongobesh kutafuta vitunguu saumu, na kaka akaliangalia lile bonde bichi, asione malisho tena. Ndiye mzaliwa wa kwanza kwetu, na baba tulishamzika. Alisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya anayewahi. Akachimba mitaro kukausha majimaji, akalima. Majirani walinung'unika mpaka mvua iliyofuata, kisha kila mmoja akaja na jembe lake. Mabati waliyapata, sikatai. Miti ya majini ikachoma matofali. Jicho likapungua, likafukiwa, likasahauliwa.

Sasa walikuwa wananisubiri na sululu. Nilimpa kaka shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Jirani mmoja akatania kwamba leo ng'ombe wana mchungaji wa kike. Nikamwambia basi anyamaze, ng'ombe hasemi.

Mwamba ulikuwa umepasuliwa kokoto, ila mgongo wake ulibaki. Kutoka pale miguu ilijiendea yenyewe, ikapita katikati ya matuta ya vitunguu, ikasimama mbele ya nyumba ya matofali. Nyumba ya mtoto wa kaka.

"Shangazi," akasema, "hapo ni sebuleni kwangu."

"Maji hayakujua kwamba utakuja kupanga viti."

Kijana akamtazama baba yake. Watu wote wakamtazama. Kaka akachora chini kwa fimbo, kisha akaielekeza pembeni. "Mdogo wangu, onyesha kwingine."

"Kwingine mama hakunionyesha."

Hakuna aliyesema nyumba ibomolewe. Nyumba ya mzaliwa wa kwanza, nani angesema? Wakaenda kuchimba pembeni, pale alipoelekeza fimbo. Nilisikia sululu zikigonga mwamba mkavu mpaka jua likaelekea kushuka.

Wale wasichana tuliochota nao maji, wengi wamekufa. Nikifa mimi, hata wa kukaidiwa hatakuwepo.

Jioni mke wa kijana alinikaribisha ndani, pale sebuleni, akanipa chai kwa heshima, amepiga goti. Nikamuuliza maji haya yametoka wapi. Akaonyesha dumu la njano mlangoni: ng'ambo ya kilima cha pili, kwa punda. Nikanywa. Sakafu chini ya miguu yangu ilikuwa ya saruji, na kisigino changu kilishikwa na baridi.