Maji ya Maganga

Asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, niliamka nikamkuta Maganga uani kwangu akimimina maji kwenye pipa langu. Alikuwa ameyaleta kwa baiskeli, madumu yamefungwa huku na huku, kutoka kisima cha bondeni. Sikumwomba. Jana yake alipiga magoti palepale uani akaniomba msamaha, nami nikampa, tukakumbatiana, mke wangu akapiga vigelegele. Nilidhani yamekwisha.

Ngoja nikueleze kosa lenyewe, usije ukadhani tuligombania kuku. Mimi na Maganga tulikua pamoja kijijini kwetu, nje kidogo ya Kipalapala, kando ya njia ya zamani waliyopita wapagazi wakielekea Ujiji. Tulibatizwa siku moja na tukajifunza kurina asali pamoja. Marehemu baba aliniachia mizinga porini, ya magome, aliyoitundika kwa mikono yake mwenyewe. Kiangazi kimoja Maganga alikwenda kurina mizinga yake jirani na yangu, akaacha kijinga cha moto hakijazimika vizuri kwa sababu alikuwa anawahi pombe. Pori likaungua, na mizinga ya baba ikateketea yote. Nilipomuuliza, aliniangalia machoni akasema ni wafugaji waliokuwa wamepiga kambi kule. Tukawafukuza watu wasio na hatia, wao na watoto wao na ndama wao. Maganga alikaa na uongo ule mpaka Kwaresima ilipofika, ndipo akaenda kuungama kwa padre, akawatafuta wale wafugaji akawaangukia, kisha akaja kwangu.

Basi maji yale hayakukoma. Alikuja kesho yake, na keshokutwa, na miaka ikapita. Alinipalilia tumbaku kabla hajagusa ya kwake. Nikiezeka nyumba, yeye ndiye wa kwanza kupanda juu. Zamani tulikuwa tunataniana mpaka watu wanacheka hadi machozi, sasa nikimtania ananijibu, "Sawa, mzee." Mzee! Na tulikuwa rika moja. Ugali ukiiva namwita anawe, anasema ameshakula, anakwenda kukaa kwenye gogo karibu na jiko. Ukimbembeleza sana, atapokea tonge mkononi akalile kulekule kwenye gogo lake. Kanisani hali ilikuwa hiyo hiyo. Padre alishamwondolea dhambi, lakini watu wakiinuka kwenda kupokea komunyo, Maganga anabaki benchi la mwisho, ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kuitwa polisi.

Nami? Nilizoea, mwanangu. Maji usiyoyachota ni matamu sana. Nilijiambia kwamba huo ni unyenyekevu, kwamba huyu kweli ametubu. Lakini jioni, watoto wakishalala, nilikaa nje na sina wa kuzungumza naye. Nilikuwa na mke mwema na nyumba iliyojaa watu, na bado nilikuwa mpweke. Rafiki yangu alikuwa uani kwangu kila siku, na kila siku nilikuwa namkosa.

Mama yangu hakuwa msemaji. Siku moja alikuwa anachambua mchicha, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Kulwa, yule Maganga ulimsamehe, au ulimwajiri?"

"Nilimsamehe, mama. Mwenyewe ndiye anayetaka kuleta maji."

"Analeta kwa sababu unapokea. Maji unakunywa, mwenye maji unamwacha kwenye gogo. Huo ni msamaha gani?"

Nilikasirika, nikaona mama ananionea. Nilinuna kutwa nzima, na hasira ilipopoa nikabaki na swali lake. Asubuhi iliyofuata nilimwahi. Nilipakia madumu kwenye baiskeli yangu, nikateka maji nikayapeleka kwake. Alitoka ndani akanikuta namimina kwenye mtungi wa mkewe.

"Kulwa, acha! Usinifanyie hivyo!"

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyechoma mizinga ya baba yako."

"Uliichoma, na nilikusamehe. Tangu siku ile sina mizinga na sina Maganga. Mizinga nimeshazoea kuikosa."

Alikaa chini kwenye udongo uliolowa, akalia kama mtoto. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Naogopa, ndugu yangu. Nikiacha kuleta maji, itaonekana kama halikuwa kosa."

Mimi si mhubiri, na sijui jibu nililitoa wapi. Nilimwambia, "Lilikuwa kosa. Ndiyo maana Yesu alikufa. Kama maji yangetosha, angekuja na ndoo."

Mkewe alituletea michembe, viazi vyetu vya kukausha, katika bakuli moja. Maganga aliliangalia bakuli muda mrefu. Mwishowe akanawa, akasogea, akatia mkono wake pamoja na wangu. Tulikula, halafu nikamsikia: "Kulwa, hata kwa uzee huu bado unakula kwa pupa." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Miaka yote ile nilikuwa nasubiri kutukanwa. Jumapili aliinuka kutoka benchi la mwisho, akaenda kupokea, wala hakuniangalia.

Maganga ameshatangulia. Mimi naishi Cheyo, mjini, kwa binti yangu, natunzwa vizuri sana. Wajukuu wananipenda, lakini kila mmoja anakula na simu yake, nami nakula na sahani yangu. Kifo chake nilikililia nikamaliza. Ninachokililia hadi leo ni ile miaka ya gogo, alipokuwa karibu kiasi cha kumwita kwa sauti ya kawaida, na sikumwita.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe uliyetubu na bado unakaa mlangoni. Dhambi ikishasamehewa si bwana wako tena, usiendelee kuitumikia. Rekebisha ulichoharibu, na mema uyatende kwa bidii, ila yatende kama mtoto wa nyumba hiyo, si kama kibarua anayeogopa kufukuzwa. Na wewe uliyekosewa, ukisamehe, usiyanywe maji yale. Mnyang'anye mwenzio dumu, umshike mkono, umketishe. Siku hizi, nikiwa peke yangu mezani, nawaza kwamba hata Mungu anatuangalia sisi aliotukomboa, tumejipanga kwenye magogo yetu, na chakula chake kinapoa.

Mungu akuinue hapo ulipokaa. Akupe mikono iliyonawa, na moyo wa kuitia bakulini bila kuogopa. Na ukipita Cheyo, usisimame nje kupiga hodi. Ingia, nawa, tule.