Shimo la Nane

Nikisikia harufu ya nyasi zilizotoka kukatwa, zile fupi za bustani ambazo mtu huogopa kuzikanyaga, huwa nakasirika kwanza, halafu nacheka. Mume wangu amezoea. Wageni ndio hushangaa. Nanyi wasomaji wangu nitawaambia sababu, ila mkinionea huruma tutakosana.

Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka ya tisini, nami nina miaka kumi. Mjomba Kipkorir, kaka yake mama, alikuwa amepata pikapu kuukuu aina ya Datsun, akaapa kututembeza Kericho mjini. Sisi watu wa Kimulot tuliijua Kericho kwa ajili ya hospitali na kesi za mashamba. Kwenda kuutazama mji tu, bila mgonjwa wala barua ya chifu, lilikuwa jambo geni kabisa. Mama alikaa mbele. Kogo, yaani nyanya aliyemzaa mama, alikataa kiti cha mbele akapanda nyuma pamoja nami juu ya magunia. Mjomba alipobembeleza, akamwambia, "Endesha gari yako. Mimi nataka kuona."

Basi tukaenda. Barabara ilipanda na kushuka katikati ya majani chai, kijani kitupu kulia na kushoto, wachumaji wakionekana vichwa tu. Njiani, pale Litein, tulinunua mahindi ya kuchoma na Kogo, ambaye alibakiwa na meno manne, akala lake lote kwa kulipukuchua kwa kidole gumba. Hakusema neno. Kwa kawaida Kogo alikuwa haishiwi maneno, nami nikadhani baridi imemshika.

Mjini Mjomba aligeuka mwalimu wa historia. Alitupitisha kwenye kanisa la mawe, akatuonyesha hekalu kubwa la Wahindi, akatutajia majumba ya zamani na miaka yake, mengi akiyabuni, nina hakika. Mimi nilikuwa nikiwaza chipsi na soda tu. Lakini Kogo akasema, "Sasa tupeleke kwa nyumba ya mzungu wa chai."

Ilikuwa nyumba ya mkulima fulani mzungu wa zamani, imegeuzwa mahali pa wageni kutembea. Paa jekundu, maua yamepangwa mistari kama watoto wa shule, na nyasi, jameni, zimekatwa asubuhi hiyo hiyo, harufu mpaka kooni. Kijana mwenye tai alitupokea pamoja na wageni wengine kama kumi. Alikuwa kijana wetu mwenyewe, mtu wa Litein, na alisema Kiswahili cha redio.

"Mabibi na mabwana," akaanza, "kabla chai haijaja, hapa palikuwa msitu mtupu. Hapakuwa na mtu."

"Ala!" Kogo akasema. "Na mimi ni nani?"

Wageni wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mzee. Mama alimkata jicho. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kijana akatabasamu, akatupeleka mpaka kwenye jiwe kubwa pana lililolala nyasini, limeota kuvu, lina mashimo safu mbili yaliyojaa maji. Akatueleza kwamba bwana mwenye nyumba aliyachonga ili njiwa wake wanywe.

Kogo alikuwa bado yuko nyuma yetu, mbali kidogo, hata jiwe lenyewe halioni vizuri kwa ajili ya migongo ya watu. Akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Wewe kijana, mashimo ni mangapi?"

Kijana akahesabu. "Nane upande huu. Na saba upande ule, Kogo."

"Ni nane. La mwisho, upande jua linapotoka, halikumalizika. Ondoa hiyo kuvu."

Hakuna aliyesogea. Basi yeye mwenyewe akapenya, akapiga magoti, akaanza kukwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Kuvu ikatoka vipande vipande. Chini yake palikuwa na kishimo, kina chake hakizidi kijiko cha chai, kimejaa alama za kugongwagongwa.

"Baba yangu alikuwa anagonga hili shimo," akasema, "siku tulipoambiwa tuhame. Hili ni bao letu. Pale penye maua ya zambarau palikuwa zizi la ndama. Mimi nilizaliwa pale penye bomba la maji. Njiwa! Njiwa wanacheza bao?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mjomba alivua kofia. Mama, aliyekuwa anamvuta Kogo mkono, aliuachilia.

Kumbe Mama naye alikuwa hajui. Miaka yote ile hakuwahi kuambiwa mama yake alizaliwa wapi.

Kogo akayamwaga maji kwa kiganja, shimo kwa shimo, akachota kokoto kwenye njia, akazipanga. "Kaa chini," akamwambia yule kijana. "Hizi ni ng'ombe. Nionyeshe kama mama yako alikulea." Na kijana, tai yake na yote, akachuchumaa.

Askari wa lango akaja mbio. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu. "Mama, tafadhali, kwa hilo jiwe hairuhusiwi. Mkubwa akiona mimi nafutwa. Tokeni tu polepole."

"Nitoke tena?" Kogo hakuinua hata kichwa. "Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, nikabebwa mgongoni. Leo nina kilo zangu. Nibebe kama unaweza."

Mvua ya Kericho haikosi miadi. Ilipofika saa nane ikashuka, yenye mawe, na wageni wakakimbilia barazani. Askari pia. Nilibaki mimi peke yangu pembeni ya wale wawili, natetemeka, nikimsihi Kogo twende. Yeye alicheza mpaka akamnyang'anya kijana ng'ombe wake wote, ndipo akaupokea mkono wangu akainuka.

"Mimi husoma tu karatasi niliyopewa, Kogo," kijana akasema, maji yakimtiririka puani.

"Basi andika ingine."

Hatukula chipsi. Nililia mpaka Litein, na si kwa ajili ya baridi.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu wetu alitusomea kitabuni kwamba nchi ya chai ilikuwa msitu usiokaliwa na watu. Sijui nini kilininyanyua. Nilisimama nikasema, "Ni uongo, mwalimu." Nilipigishwa magoti uwanjani mpaka kengele ya saa sita. Jioni nikamwendea Kogo na magoti yangu yaliyochubuka, nikitarajia kubembelezwa.

"Ulisema kwa sauti?" akauliza.

"Ndiyo."

"Wote walisikia?"

"Wote."

Akanimiminia maziwa mala kikombe kizima, kile kikubwa cha wanaume, akanikalisha karibu na moto.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Kogo alitaka niwemo katika safari ile kwa sababu nilikuwa mjukuu mpenzi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikamjua Kogo. Alikuwa na watoto saba, wote werevu, na wote walikuwa wameshajifunza kunyamaza. Mimi nilikuwa sijajifunza. Na mpaka leo sijui.