Amina ya Mbuzi

Kwanza tuelewane jambo moja, maana bila hilo mtanipotea njiani. Kwa Kihaya kusoma ni kushoma, na kusali nako ni kushoma. Anayekwenda kanisani anakwenda kushoma, anayefungua gazeti anashoma, na aliyebatizwa ni mshomi hata kama maisha yake yote hajashika kalamu. Mimi nimezaliwa Bakoba, Bukoba mjini, Kihaya changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo sikuwahi kuona matata yoyote hapo. Aliyenionyesha ni bibi yangu wa Muleba, mama yake baba.

Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nasubiri matokeo. Babu alikuwa ametutoka mwaka huohuo, na baba akaamua niende nikakae na Bibi asibaki peke yake. Nilikwenda nimenuna, siwafichi. Nilijua nitalima, nitamenya ndizi, nitachota maji, nitalala na kuku. Bibi alinipokea kwa kunishika mashavu na kuniambia nimekonda, kisha akanipa jembe.

Siku ya tatu au ya nne akarudi kutoka parokiani uso unang'aa. Walikuwa wanasafisha stoo, na katekista amemwambia kuna vitabu vinatolewa bure, mwenye mjukuu anayesoma aje achukue. Sasa katekista alisema kusoma, Bibi akasikia kushoma, na kwa akili yake vitabu vikitoka parokiani vitakuwa vya nini tena kama si vya sala?

"Mwana wange," akaniambia, "chukua toroli. Mungu amekukumbuka."

Nikasukuma toroli huku nalalamika kimoyomoyo. Katoni zilikuwa mbili, za sabuni, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Tulipofika nyumbani nikakata kamba, nikachungulia, na hapo nikapiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika.

Jamani! Sijui ni mapadre gani na walimu gani waliokuwa wamerundika vile vitu kwenye ile stoo, lakini Mungu awape maisha marefu. Juu kabisa kulikuwa na hadithi ya mpelelezi. Chini yake kitabu cha sayari na nyota, chenye picha za rangi. Kisha hadithi ya mapenzi iliyochanika jalada kwa kushikwashikwa, huduma ya kwanza, namna ya kuchimba choo bora, safari za watu waliovuka jangwa kwa miguu, mashairi, historia ya reli, na kitabu chembamba cha ufugaji wa mbuzi, chenye herufi kubwakubwa na picha za mbuzi wenye nyuso za huzuni. Nilivitandaza vyote barazani nikavizunguka. Nikasoma ukurasa wa hiki, nikarukia kile, nikarudi kwa mpelelezi, nikamwacha mlangoni ameshika kitasa nikaenda kuangalia mwezi una mashimo mangapi.

Mnisamehe kelele. Mnajua nilikuwa nimesoma riwaya ngapi mpaka siku hiyo? Zile za mtihani tu. Na hizo sikuzisoma, nilizichinja: dhamira hizi hapa, wahusika hawa hapa, mandhari ile pale, jadili kwa kutoa mifano. Kumbe kitabu kinaweza kusomwa bila swali mwishoni! Kumbe mtu anaweza kusoma habari za choo na akafurahi! Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikasirika kidogo, kisha nikasahau kukasirika kwa sababu mpelelezi alikuwa bado ameshika kitasa.

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mchana tukirudi kutoka shambani tulikaa barazani na sinia katikati, tunanyonyoa mabawa na miguu, na Bibi akatangaza kwamba kazi ya senene ni yake, yangu ni kushoma kwa sauti. Akajifunga kitenge vizuri, akaninyamazia. Nikaanza na mpelelezi. Maiti ikapatikana kisimani, mtumishi akazimia, sura ikaisha.

"Amina," akasema Bibi.

Nikamtazama. Alikuwa ananyonyoa senene, hana wasiwasi.

Kesho yake nikamsomea mapenzi. Kijana alimshika msichana mkono penye giza, nikapunguza sauti, nikaruka mistari miwili kwa heshima, nikafika mwisho wa sura. "Amina." Nikasoma kuhusu Zohali na pete zake. "Amina." Nikasoma kwamba choo bora kiwe mbali na kisima. "Amina," tena hii aliisema kwa nguvu, maana jirani yetu alikuwa amechimba chake karibu na chemchemi.

Nilikuwa nakufa kwa kicheko, lakini roho ilinisuta pia. Huyu mama anasali kwa mpelelezi! Nikajaribu kumweleza. "Bibi, hiki si cha sala. Ni hadithi tu, ya watu wa uongo." Akanijibu, "Kushoma ni kushoma." Nikakata tamaa.

Siku niliyosoma cha mbuzi ndiyo mambo yakafumuka. Nilisoma sura nzima ya kuhara, nikaifunga, nikasubiri Amina yangu. Haikuja. Nikainua macho. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanamtetemeka, machozi yanamtoka kwa kucheka.

"Unadhani mimi sijui Amina ya Mungu na Amina ya mbuzi?" akasema kwa Kihaya. "Siku ya kwanza nilidhani ni sala. Maiti ilipotoka kisimani nikajua. Nikaona nikikwambia najua, utaacha kunisomea."

Mawe, mama yangu! Nilicheka mpaka nikamwaga senene. Yule bibi alikuwa amenichezea wiki nzima, uso mkavu, na mimi msichana wa mjini ninamwonea huruma.

Tulipotulia akafuta macho, akaokota senene mmoja mmoja, na bila kunitazama akaniambia neno ambalo nadhani hakuwa amemwambia mtu tangu Babu afe. Hajui kusoma. Alipokuwa msichana alipelekwa kushoma, yaani mafundisho ya dini, wakakariri kila kitu kwa mdomo, akabatizwa, akaitwa mshomi. Kwao ikawa imetosha. Watu wote humwita mshomi, na hata herufi moja haijui.

"Na jumuiya inakuja," akasema.

Hapo nikaelewa. Jumuiya yao ndogo ya Kikristo husali kila wiki nyumba kwa nyumba, na desturi yao ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayesoma somo. Kwa watu, Bibi alikuwa na ujanja wake: wakimwomba amsaidie mwenye nyumba kusoma, anapapasa mfukoni, anasema miwani ameisahau nyumbani. Ikifika zamu ya kwake, Babu alisoma. Sasa Babu hayupo, zamu inarudi kabla ya Noeli, na miwani ukiisahau kwako utasema umeisahau wapi?

"Nitasoma mimi," nikasema upesi.

Akanikazia macho. "Nyumba ni ya nani?"

Basi nikawa mwalimu. Mwalimu mbaya, mwenye haraka, anayepiga makofi kwa kila herufi. Nikaanza na kitabu chake cha sala, nikadhani nimefanya busara kubwa. Kosa! Bibi alikijua chote kwa kichwa. Namwekea kidole kwenye neno la kwanza, mdomo wake umeshafika mwisho wa ukurasa. Anasoma vizuri kuliko padri, na kitabu nimekigeuza kichwa chini. Nikaona hapa tunahitaji kitabu ambacho Mungu hajamwambia kilichomo.

Tukajaribu vya katoni. Mpelelezi alimshinda kwa tamaa: akipata neno moja anataka kujua muuaji ni nani, nimwambie sasa hivi, kwa nini nambania. Yale mapenzi aliyakataa baada ya sentensi mbili kwa sababu kijana hakutuma wazee kwa wazazi wa msichana. Nyota alizikubali kuzisikiliza, lakini kuzisoma hapana, nani alipanda juu akazihesabu? Tukabaki na mbuzi. Herufi zake kubwa, maneno mafupi, na mbuzi anawajua. Akisoma "ma-ji", "ma-ja-ni", "zi-zi", uso unafunguka kwa sababu vitu vyenyewe viko pale nyuma ya nyumba. Mara nyingine aligombana na kitabu. "Uongo. Mbuzi hali hayo." Nikamwambia hiyo ndiyo kusoma kwenyewe, Bibi, kubishana. Akafurahi sana kusikia hivyo, akabishana na kila ukurasa.

Asubuhi tulilima, mchana tulisoma, na mimi nikipata nafasi nakimbilia jangwani na wale watembeao kwa miguu. Sikuwahi kuishi vizuri namna ile. Nikimenya ndizi, akilini najenga reli. Nikienda kisimani, nachungulia kwanza kama hakuna maiti.

Siku ya jumuiya tukafagia ua, tukatandika nyasi mpya ndani, nikakaanga senene kwa vitunguu. Watu wakaja alasiri, wakajaa sebuleni mpaka mlangoni. Bibi alivaa gomesi yake ya Pasaka. Tulikuwa tumefanyia mazoezi somo la siku ile, mistari michache, kwenye karatasi niliyomwandikia kwa herufi kubwa. Alikuwa ameiweza. Mimi ndiye niliyekuwa nimelowa jasho.

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mpole mwenye sauti nzito, akaongoza wimbo, akafungua Biblia yake mwenyewe, akampa Bibi kwa mikono miwili. "Waitu mama," akamwita kwa heshima, "somo."

Karatasi yangu ilikuwa chumbani. Nilikuwa nimeisahau! Mimi, mwalimu! Na ile Biblia herufi zake zilikuwa ndogo kama sisimizi. Bibi akavaa miwani, ambayo ilikuwa ya Babu na haikuwahi kumfaa. Akaivua. Akaweka kidole. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Huko nje mbuzi akalia, wallahi sisingizii. Nikaanza kuinuka ili nimpokee kile kitabu.

Bibi akanitazama jicho moja tu. Nikakaa.

Akaifunga Biblia, akaibusu, akamrudishia mwenyekiti. Akaingia chumbani. Tukasikia anapekua. Nikashukuru Mungu, nikajua karatasi imepatikana. Akatoka na kitabu chembamba, jalada lenye mbuzi mwenye uso wa huzuni.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akasimama pale alipokuwa akisimama Babu, akakifungua anapopajua, akaweka kidole, na kwa sauti ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja, akasoma:

"Mbuzi a-ki-wa mgo-njwa, hu-ji-tenga na we-nza-ke. Mfu-a-te. U-si-mpi-ge. Mpe ma-ji kwa-nza."

Akainua kichwa. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na yeyote atakayecheka, hata mwenyekiti. Kina mama waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walimtazama wakatazamana. Wamemjua miaka yote, wamesikia habari za miwani miaka yote, na nadhani pale ndipo walipoelewa miwani ilikuwa inaficha nini.

Mwenyekiti akaiweka Biblia mapajani. Kisha akasema polepole, "Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru Mungu," nyumba nzima ikaitikia.

Mama mmoja akampongeza, "Kasinge, mshomi!" na vigelegele vikapaa hadi kwenye migomba, mimi napiga cha kwangu huku nalia waziwazi kama mtoto. Watu wakaanza kujiweka sawa kwa mahubiri. Nikainuka nikaleta sinia la senene.

"Kaeni," akasema Bibi. Kidole chake kilikuwa hakijaondoka kwenye ukurasa. "Sura haijaisha. Kuna minyoo."

Wakakaa. Na akawasomea minyoo, yote, mpaka nukta ya mwisho, anasimama katikati kubishana na kitabu, senene wangu wanapoa mikononi, mwenyekiti ameegemeza kidevu kwenye fimbo anasikiliza. Alipomaliza akafunga kitabu na kunigeukia mimi, akangoja.

"Amina," nikasema.