Ruhusa ya Ndete

Nzembi alipojifungua mtoto wa nne, sista wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba wa tano angemuua. Ilikuwa miaka ya themanini, redio ikihubiri kupanga uzazi asubuhi na jioni. Nzembi akaomba afungwe kizazi.

"Mlete mzee wako kwanza," sista akamjibu. "Asipokubali yeye, daktari hakugusi."

Mzee wake, yaani mumewe Ndete, alikuwa dereva wa baraza la jiji. Alikuwa amepeleka mbuzi wa mahari kwao Nzembi, Mwingi, kama desturi inavyotaka, kisha akamleta Eastlands, Nairobi, kwenye nyumba ya baraza yenye chumba kimoja. Mikutano ya siasa hakuikosa. Katika mkutano mmoja, mwanasiasa aliyempenda alisema kwamba vidonge vya kupanga uzazi ni njama ya kuwapunguzia watu wao kura, na Ndete akarudi nyumbani na maneno hayo kama yalivyo.

"Mama Maingi, unataka tuwe wachache ili wengine watutawale?"

"Nataka niishi, Baba Maingi."

Ndete hakwenda zahanati. Mimba ya tano ikaingia. Mtoto alifia tumboni, na madaktari wakamwokoa mama kwa kumtoa kizazi. Wakati huo hakuna aliyeulizia ruhusa ya mtu.

Nzembi alirudi kwenye cherehani yake katika soko la Gikomba, akiwapunguzia wateja suruali na magauni ya mitumba. Kwa kazi hiyo na mshahara wa Ndete walijenga nyumba ya mawe mtaa wa Njiru, ingawa kiwanja kiliandikwa jina la Ndete peke yake. Nzembi hakuuliza. Mke wa mtu angeuliza nini?

Mwaka wa elfu mbili na kumi na nne Bunge lilipojadili sheria ya ndoa, Ndete alikuwa mbele ya runinga. Wabunge wanaume walikuwa wameondoa kipengele cha kumtaka mume apate idhini ya mkewe kabla ya kuoa mwingine, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Ndete alicheka hadi akakohoa.

"Umeona? Hata Bunge linanielewa."

Haukupita muda akamleta Ndindi awe mke wa pili, msichana wa rika la binti yao. Nzembi alipouliza kulikoni, Ndete alimjibu mbele ya watoto: "Wewe si huzai tena?"

Wiki hiyo hiyo Nzembi alihamia chumba cha kupanga mtaa wa Lucky Summer, akaenda mahakamani kutaka talaka na sehemu yake ya nyumba.

Huko Ndete alisimama amevaa koti lake la kanisani, akasema bila kupepesa macho, "Huyu tulikaa tu. Hatukuwahi kuoana."

Wazee waliopokea wale mbuzi walikuwa wamezikwa wote. Alibaki Nyamai, kaka yake Nzembi, naye wakili wa Ndete alimhangaisha kwa maswali hadi akachanganya miaka. Hakimu akamgeukia Nzembi na kumuuliza kama ana la kuongeza.

"Mheshimiwa," Nzembi akasema, "nilipotaka kufunga kizazi niliambiwa mwili wangu una mwenyewe, na mwenyewe ni huyu. Alikataa, nikamzika mtoto. Leo anasema hakuwa mume wangu. Basi alinikatalia kama nani?"

Hakimu aliamua kwamba ndoa ilikuwepo, akaivunja. Akampa Nzembi nusu ya nyumba, lakini Ndete alikata rufaa, na rufaa hiyo imekuwa ikiahirishwa hadi leo. Ndete na Ndindi bado wanalala Njiru.

Juzi Maingi alimpigia mama yake simu. Baba alikuwa amepooza upande mmoja, na Ndindi alikuwa amechoka kumgeuza kitandani.

"Mathe, si ungerudi tu umsaidie? Mzee amezeeka."

"Na mimi nimekuwa kijana?"

Nzembi alimngojea Maingi aseme neno, hata moja, la kumtetea mama yake. Alipoona halipo, alikata simu, akavuta kiti karibu na cherehani na kuendelea kukunja pindo la gauni la mteja.