Siku Bibi Alipotawadha Kanisani

Enzi zetu, sisi watoto wa kijiji cha Kiegei hatukuhitaji kununuliwa michezo. Mjini Nachingwea matrekta ya Wazungu waliokuja kulima karanga yalinguruma kutwa, nasi huku tulikuwa na mdako, kombolela na mizizi ya ming'oko ya kuchemsha. Msimu wa mabibo tulirudi nyumbani nguo zina madoa yasiyotoka hata uzisugue vipi, na kipigo tukakipokea bila kushangaa. Wajukuu zangu leo simu ikiisha chaji wanajilaza kama wagonjwa.

Ila hakuna siku niliyoifurahia kama ile tuliyokwenda kanisani. Ndiyo, sisi Waislamu. Kanisa lile la mawe, upande wa Ruangwa, lilijengwa enzi za Mjerumani, na Bibi Somoe, mama yake mama yangu, alilibebea mawe kichwani akiwa kigori. Alibeba pamoja na Bibi Agata, shoga yake aliyechezwa naye unyago mmoja. Ujenzi ulipokwisha Agata akabatizwa, na Bibi akakatazwa na baba yake hata kusogelea mlango. Akazeeka bila kuona ndani, na jambo hilo lilimkera kwelikweli. Tukipumzika shambani alituuliza eti mawe mazito vile waliyapangaje huko ndani, kana kwamba sisi tulijua.

Basi Roza, mjukuu wa Bibi Agata, akapata mchumba. Bibi Agata akatuma ujumbe kwamba safari hii shoga yake aje harusini mpaka ndani ya kanisa, hataki visingizio. Bibi akatoa kanga mpya sandukuni, akanishika mkono, tukaondoka alfajiri na kiporo cha muhogo. Njiani akaniambia, "Utu uzima huu nikifukuzwa mlangoni, uso nitauweka wapi?"

Tulipofika, mlangoni palikuwa na bakuli la jiwe lenye maji. Kwetu mtu haingii mahali pa ibada bila kutawadha, na Bibi hakutaka kuwavunjia wenyeji heshima. Akavua katambuga zake za tairi, akakunja mikono ya gauni, akasukutua, akanawa uso, akaosha mikono mpaka viwikoni. Alipofika miguuni maji yakaisha. Nyuma yetu msafara wa harusi ulikuwa umewasili, na vigelegele vikakatika ghafla. Katekista, mwanamume mrefu aliyevaa kanzu nyeupe, akaja mbio.

Bibi akamgeukia kwa upole. "Mwanangu, maji yenu machache. Hawa wenzangu watatawadha na nini?"

Katekista akamweleza kwa ukali kwamba yale ni maji ya baraka, si ya kuoshea miguu. Bibi akainama kuokota katambuga zake ili arudi nyumbani, na mimi nikaanza kulia. Ndipo Bibi Agata akapenya katikati ya watu.

"Mwache," akamwambia katekista. "Maji ya kukandia udongo wa kuta hizi tulichota sisi wawili. Leo amechota kidogo tu."

Kisha akavua viatu vyake vipya vya harusi, akavipanga kando ya katambuga, akamshika Bibi mkono wakaingia. Wanawake waliochezwa nao unyago wakavua pia, na Roza, bibi harusi, naye akavua. Padri Mzungu alipoona miguu yote ile yenye vumbi ikimjia, alicheka mpaka akafuta macho, ndipo akaanza misa. Bibi hakuwatazama maharusi hata kidogo. Alipapasa ukuta akiuliza jiwe lake ni lipi, na Bibi Agata akamwonyesha lolote lililokuwa karibu.

Siku hizi wamejenga kanisa jipya la matofali, na vijana huenda kwenye lile la zamani kupiga picha. Kabla hawajakuzoea wanataka wajue kwanza wewe ni dini gani. Sisi tulijua, lakini tulialikana. Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka kwenye lile la mawe, akanicheka nilipoinama kuvua viatu kwenye kizingiti, akisema Wakristo hawavui. Sikubishana naye. Nilimwonyesha tu jozi ya viatu vya kike iliyokuwa imetangulia hapo mlangoni. Ndani, kwenye benchi la mbele, Roza alikuwa ameketi peku, mvi kichwa kizima, akinisubiri.