Kanuni ya Sita na Mikono ya Mururu

Sijui nani aliyeandika kanuni ya sita, na siku nikimjua sitamsalimia. Ilikuwa kwenye karatasi moja iliyopigwa chapa pande zote mbili, kichwa chake "Kanuni na Mwongozo kwa Wanaoanza", na mwaka ule nilikuwa naanza kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa Kamembe, baba yangu fundi wa baiskeli na mimi mbeba unga. Unga wa muhogo niliuchukua sokoni, nikaufunga kwenye keria ya baiskeli ya chuma isiyo na gia, nikawapelekea wateja wangu huko Mururu, kilima juu, kilima chini, siku nne kwa wiki.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya matope. Mnazunguka njia fupi inayopita mashambani, mara majani, mara udongo unaonata, mara gogo limelazwa njiani makusudi ili ushuke, ubebe baiskeli begani, ukimbie, upande tena. Wanaoanza walikimbia dakika arobaini. Niliposikia habari hizo mara ya kwanza nilicheka. Kushuka na kusukuma baiskeli kwenye tope sisi tulikuwa tunakuita kazi. Hawa waandaaji wa mbio wakaja kutuambia ni mchezo, na kwamba una kanuni kumi na mbili.

Mwongozo, sikatai, ulikuwa na maneno ya maana. Toa upepo kidogo kwenye matairi yashike udongo. Shuka kabla hujalifikia gogo, usingoje likushushe lenyewe. Usitazame gurudumu la mbele, tazama unakokwenda. Anayekuja kwa kasi nyuma yako, mpishe. Toa kengele, toa stendi, toa keria, zisije zikamchana mwenzako. Baba aliifungua ile keria kwa spana huku ananung'unika, akaiweka juu ya kabati lake la vyuma.

"Baiskeli bila keria iko nini?" aliniuliza. "Unga utabebea kichwani?"

Nilimwambia ni kwa siku ya mbio tu. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu hiyo niliisema nyumbani mpaka wakachoka kuisikia. Msimu ulikuwa na mbio nne. Anayeanza akimaliza tatu bila kufutwa, anapandishwa daraja, na waandaaji wanamwazima baiskeli nyepesi ya mbio kwa mwaka mzima. Niliwahi kuinua moja kwa mkono mmoja pale walipotuandikisha. Mimi niliyezoea kuinua chuma kwa mikono miwili na goti, nilisimama pale nimeishika hewani kama mjinga. Niliitaka baiskeli ile kuliko nilivyotaka harusi, na mama alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa haishi kuniambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mbio za kwanza zilikuwa Nkanka, karibu na ziwa. Nilianguka mara mbili, nikamaliza. Nilirudi nyumbani na tope hadi ndani ya masikio, kofia ya kichwani imekaa upande juu ya kitambaa changu, na nikacheka peke yangu njia nzima. Mbio za pili zikawekwa Mururu. Nikasema hapo ni kwangu, kilima kile nakijua kuliko shuka langu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayelieleza, maana hakuna asiyelijua. Mtu akipandisha kilima na baiskeli yenye mzigo, anayemkuta anaweka mkono nyuma na kusukuma. Huombwi, huulizwi, hata salamu si lazima. Unahisi tu mzigo umepungua. Hugeuki kutazama ni nani, kwa sababu ukigeuka baiskeli itayumba. Mkifika juu unasema asante, naye anarudi kwenye shughuli zake. Nimesukumwa na wanafunzi, na wafiwa waliokuwa wanatoka kuzika, na mwanamke ambaye juzi yake tu tulikuwa tumegombana sokoni. Na mimi nimesukuma wengi wasiohesabika.

Basi siku ile ya Mururu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mzunguko wa pili, nimefika ule mwinuko mkali wa shamba la mihogo, nimeshuka, nasukuma, miguu inarudi nyuma. Wanawake walikuwa wanapalilia kando. Mmoja wao alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, bibi ambaye sote tulimwita Koko, mdogo wa umbo, mwenye mkono mgumu wa jembe. Nikamsikia nyuma yangu.

"Huyu mutoto wa unga anateseka. Mukuje."

Alitafuta keria ya kuweka mkono, hakuiona. Akaweka mkono mmoja kwenye kiti cha baiskeli na wa pili mgongoni kwangu, na wenzake wawili wakaongeza mikono yao. Nilipanda kile kilima kama nimebebwa. Kusema kweli, sikukumbuka kanuni yoyote. Nilihisi mikono, nikafanya ninavyofanya siku zote: sikugeuka, nikaendelea.

Juu kulikuwa na mwamuzi, bwana mmoja mwenye kofia nyekundu na filimbi shingoni. Akapuliza.

"Namba kumi na saba, umefutwa. Kanuni ya sita. Msaada kutoka nje."

"Msaada gani?" nikamuuliza, na nilikuwa nauliza kweli.

Akawanyooshea kidole wale wanawake, ambao walikuwa wameshaanza kuteremka kurudi kwenye majembe yao. Nikamwambia wale si watu wa nje, wale ni wa hapa, wa nje ni wewe. Hakucheka. Akaandika.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na haijashuka vizuri mpaka leo. Maana hatua thelathini kutoka pale aliposimama palikuwa na sehemu imezungushiwa kamba, inaitwa kituo. Ndani ya kamba kulikuwa na shemeji wa kijana mmoja wa mjini, kijana mwenye baiskeli mbili za mbio, zote zake. Kila mzunguko kijana anaingia kituoni na baiskeli iliyojaa tope, anaitupa, anapokea nyingine iliyooshwa na kupakwa mafuta, anaondoka. Shemeji anabaki na ndoo na brashi anaiosha ile ya kwanza, hadi mzunguko unaofuata.

"Na yule?" nikasema. "Yule anayeoshewa? Ule si msaada?"

"Kile ni kituo," akasema mwamuzi. "Kituo kinaruhusiwa. Kanuni ya tisa. Hata wewe unaruhusiwa kubadilisha baiskeli."

"Nibadilishe na ipi?"

Akatazama karatasi yake. Nilisimama pale na chuma cha baba kikidondosha tope, nikapitwa na yule kijana, safi kama anakwenda kanisani. Naomba mtu anieleze. Mwenye baiskeli mbili, na mtu wa kumwoshea, huyo anashindana peke yake. Mimi mwenye moja nimeguswa mgongoni na bibi wa miaka sabini, mimi ndiye mwizi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, sawa, lakini huyu wa kanuni ya sita alikuwa ameshiba halafu anaandika kanuni za kula.

Mbio za tatu zilikuwa Butare, hii Butare yetu ya wilaya ya Rusizi, si ule mji wa kusini mwa Rwanda. Kule hawakunijua, na njia ilipita mbali na nyumba. Nilimaliza. Ikabaki moja, ya nne, na ya nne waliirudisha Mururu, njia ileile, kilima kilekile. Nikifutwa, baiskeli imekwenda. Nilikaa mbele ya kibanda cha baba siku mbili nikiwa sina raha, nikitafuta namna ya kupita pale bila kuguswa. Niliwaza hata kupanda kwa kelele, nikiwafukuza kama kuku.

Baba alikuwa anaziba pancha, hakuinua kichwa.

"Kama unaitaka ile baiskeli, enda uwaambie," alisema. "Na kama unaona haya kuwaambia, ujiulize haya ni ya nini."

Haya nilikuwa nayo, tele. Lakini baiskeli niliitaka zaidi. Siku moja kabla ya mbio nilipanda Mururu bila unga, bila mzigo wowote, nikaingia nyumba moja hadi nyingine. Nilikaribishwa kila mahali. Pengine walinipa chai, pengine kiazi cha moto, nami nikila kiazi chao nawaomba kesho wasinisaidie. Wengine walidhani wamenikosea. Mmoja aliniuliza kama siku hizi naogopa kurogwa.

Koko alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharagwe.

"Basi tukuangalie tu?"

"Ndiyo, Koko."

"Ukianguka?"

"Hata nikianguka."

"Tukuone uko chini, na sisi tuko na mikono?"

Nikasema ndiyo. Nilijisikia vibaya, sitasema uongo. Akatupa harage bovu mlangoni.

"Na ule muntu mwenye aliandika iyo sheria," akauliza, "alizaliwa na mama?"

Nikamwambia sijui, Koko, pengine alizaliwa na kituo. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Alinisindikiza hadi njiani, akaniahidi kwamba atawaambia wote, hata wa ng'ambo ya kijito, na kwamba hakuna atakayenigusa. Koko akiahidi, ameahidi.

Kesho yake walikuwepo. Walisimama kando ya shamba la mihogo, mstari mzima, na kila mmoja ameingiza mikono ndani ya kitenge chake. Hawakupiga kelele wala makofi, kwa sababu sikuwa nimewaambia kama makofi yanaruhusiwa. Nikapanda mbele yao nikihema. Mzunguko wa tatu niliteleza, baiskeli ikaniangukia mguuni, uso wangu ukaingia kwenye tope. Nilipoinua kichwa nilimwona Koko amepiga hatua moja kuja kwangu, na mwenzake amemshika kitenge kwa nyuma.

"Sheria," yule mwenzake akamwambia.

Koko akarudi kwenye mstari. Mimi nikatoka chini ya baiskeli peke yangu, na yule bwana wa kofia nyekundu alikuwa juu anatazama, kalamu mkononi, hana cha kuandika. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho. Kijana wa baiskeli mbili alishinda, na shemeji yake akabebwa juu juu pamoja naye, jambo ambalo nililiona ni haki kabisa.

Nikapewa baiskeli. Nyepesi, ya buluu, yenye gia nyingi kuliko nilizojua kutumia. Baba aliigonga kwa kidole, akaisikiliza, akasema ni nzuri. Niliwaonesha mtaa mzima. Nilitaka kila mtu aliyenicheka aione, na mama aliifunika kwa shuka usiku kucha kana kwamba ni mgonjwa.

Lakini haikuwa na keria, wala pa kufungia keria, na unga haubebwi kwa buluu. Wiki iliyofuata baba akaishusha keria kutoka kabatini, tukaifunga tena kwenye chuma cha zamani, nikarudi kazini. Magunia mawili siku hiyo, na mvua ilikuwa imetangulia. Nilifika kwenye mwinuko wa shamba la mihogo nikashuka, nikaanza kusukuma, na bila kufikiri nikawa nangoja. Mwili wenyewe ulikuwa unangoja. Nilikuwa nimewaona pale kando wanapumzika, Koko katikati yao.

Mkono haukuja. Nikapiga hatua kumi, nikateleza, magunia yakalala upande, nikaikaza breki na kuishikilia baiskeli kwa kifua isirudi chini. Nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya kilimani pale: niligeuka. Walikuwa wameketi palepale, wananitazama kwa huruma, mikono ndani ya vitenge.

"Koko," nikasema. "Mbona hivyo?"

"Hatukujua kama leo ni mashindano ao ni kazi," alinijibu, wala hakuwa na kinyongo. "Tukasema afazali tusiguse, tusikuharibie. Ata ule Mzee wa ndizi, jana tulimuangalia tu. Alipumzika mara ine."

Yule mzee nilimjua. Alikuwa anapandisha ndizi pale tangu sijazaliwa, na hakuwahi kushindana na mtu yeyote. Nilitafuta wa kumkasirikia. Bwana wa kofia nyekundu alikuwa mbali, kijana wa mjini alikuwa mbali, na aliyepita nyumba hadi nyumba akila viazi vya watu alikuwa mimi. Unga ulikuwa umeanza kulowa. Wanawake wale walikuwa wananisubiri niseme, nami kwenye kilima ambacho nimepandishwa tangu utotoni bila kufungua mdomo, ikabidi niombe.

"Munisukume," nikasema, na Koko akauliza kwanza kama nina hakika.