Fundi wa seva aliyekuwa mdomo wa baba yake

“Siku usipokuwepo, mzee atamwambiaje daktari panapomuuma?”

Swali hilo liliulizwa miaka miwili iliyopita na jirani wa mlango wa pili, mama muuza mkaa, huku akinawa mikono kwenye ndoo. Aliyeulizwa alicheka kidogo, akachukua sweta zake, akaenda kazini.

Ni jirani huyohuyo aliyempa jina la Dada Sweta, maana kila asubuhi, hata jua liwe la kupasua mawe, humwona akitoka na sweta mbili mkononi.

“Nilidhani anauza,” anasema mama mkaa. “Nikamwambia, mwenzangu, biashara hiyo kwa joto hili utafilisika.”

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Jumanne, sweta zote mbili ziko mwilini. Dada Sweta, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amesimama mbele ya kabati la chuma katika chumba kisicho na dirisha. Baridi humo ni nyuzi kumi na nane, na feni zinavuma kiasi kwamba ukitaka kusema na mtu lazima umsogelee sikioni. Anafumba macho, midomo inacheza, anamtaja Mungu wake. Kisha anachomeka kibodi.

Kabatini mna seva nne. Tatu hazina neno. Ya nne, iliyo chini kabisa, ndiyo inayomtoa jasho kwenye baridi hiyo.

“Chukulia seva ni nyumba ya kupanga,” anaeleza, akichuchumaa. “Ndani kuna wapangaji wengi. Hizo ni mashine pepe, huwezi kuzishika, ila kila moja ina kazi yake na mteja wake. Maji, yaani mtandao, anagawa mwenye nyumba. Kila mpangaji anapanga foleni na ndoo yake. Sasa kuna mpangaji hawezi kungoja foleni. Huyo tunampa bomba lake mwenyewe, moja kwa moja, mwenye nyumba asiingie kati.”

Bomba hilo ni kadi ya mtandao, iliyokabidhiwa kwa mashine moja tu. Na mpangaji asiyeweza kungoja ni mashine inayobeba simu za video za viziwi.

Huduma yenyewe ni rahisi kuieleza. Kiziwi akiwa kwa daktari au benki hupiga simu, mkalimani wa lugha ya alama akatokea kwenye kioo. Daktari anasema, mkalimani anaonyesha kwa mikono. Mgonjwa anajibu kwa mikono, mkalimani anasema kwa sauti. Katika mazungumzo ya namna hiyo picha ikiganda, sentensi nzima imekatika.

Na kwa wiki tatu picha imekuwa ikiganda. Chama cha viziwi, ambacho kilikubali kuijaribu huduma hiyo, kimetoa siku ya mwisho: Ijumaa. Ikiganda tena baada ya hapo, laini inafungwa.

Kwa mafundi wengine huyo ni mteja mmoja anayelalamika. Kwa Dada Sweta ni jambo la nyumbani.

Baba yake ni seremala, umri miaka sabini na mbili. Alipoteza usikivu akiwa mchanga baada ya homa. Mama alipofariki, binti huyu, mtoto wa pekee, alikuwa na miaka minane, na tangu siku hiyo akawa mdomo wa baba. Mteja akija kuagiza kitanda, anaitwa mtoto. Barua ikija, anaitwa mtoto. Alipokuwa darasa la sita alikosa shule siku arobaini na tatu kwa mwaka mmoja. Mwalimu alizihesabu mbele ya darasa.

“Sikuona ni mzigo,” anasema. “Niliona sifa. Mtoto mdogo, wakubwa wote wananingoja mimi nifungue kinywa.”

Sifa hiyo ilianza kumchoma mwaka jana. Walikuwa wamekwenda kwa daktari, kama kawaida yao, baba kitini, binti amesimama pembeni. Daktari akauliza kama mzee anapata haja ndogo bila shida.

Dada Sweta akaliuliza kwa mikono. Baba yake akatazama sakafu kwa muda. Akajibu: bila shida.

“Nikasema, bila shida,” anakumbuka. “Kazi ya mkalimani ni kusema kilichosemwa. Lakini mimi nakaa naye nyumba moja. Najua mlango wa choo unafunguliwa mara ngapi. Najua anavyoushika ukuta akitoka.”

Mzee hakuwa mwongo. Ni baba. Kuna maneno ambayo baba hawezi kuyapitisha mikononi mwa binti yake yamfikie daktari, hata kama yanamwua.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” mama mkaa anasema kwa upole. “Lakini na haya nayo ni vazi. Utamvuaje mzee wa watu?”

Kwa hiyo huduma ya video ilipofika, Dada Sweta aliona mlango umefunguliwa. Alimwekea baba simu, akaenda kukaa uani. Mkalimani alikuwa mwanamume, mtu mzima. Mzee akaanza kueleza. Alipofika penyewe hasa, picha ikaganda. Mkalimani akamwomba arudie. Akarudia, ikaganda. Mara ya tatu mkono wa mzee ukabaki umeganda kwenye kioo, unaonyesha chini ya kitovu.

Mzee alitoka na simu, akaiweka mezani kifudifudi. Akamwambia binti yake kwa mikono: hata chombo chenu kinaona haya.

Hakuigusa tena.

Ndiyo maana Jumanne hii Dada Sweta amepiga goti sakafuni. Mwenzake wa zamu, bwana mfupi wanayemwita Kiberiti kwa jinsi anavyowaka upesi, yeye ameshatoa hukumu.

“Simu zao ndizo mbovu, dada yangu. Taa zote za kijani hizi, unatafuta nini?”

“Taa inasema waya umechomekwa. Haisemi maji yanaingia chumba gani.”

“Basi endelea kutwanga maji.”

Anaendelea. Amekuwa akiandika kwenye kipande cha karatasi kila siku picha ilipoganda, na mashine ilikuwa kwenye seva ipi siku hiyo. Mashine hizi huhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine, kutegemea wapi pana nafasi. Karatasi haina maneno mengi: seva ya kwanza, salama, ya pili, salama, ya tatu, salama. Kila kuganda kulitokea kwenye ya nne.

Anafungua kumbukumbu za mashine yenyewe, anasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Saa tano kasoro anasimama.

Kwenye seva ya nne, mpangaji hapewi bomba lake. Kadi ipo, nzima, haina mwenyewe. Mashine ilipoikosa haikulalamika. Ina njia ya akiba, ili isizimike kabisa, nayo ikahamia huko kimyakimya. Kwa wiki tatu, kila ikiletwa humu, imekuwa ikipanga foleni na ndoo kama wengine, na foleni ikirefuka, picha inaganda.

Sababu ni ndogo. Wiki tatu zilizopita seva ile ilibadilishwa bodi kuu, ile inayounganisha vifaa vyake vyote. Ndani ya bodi kuna mpangilio unaoruhusu kadi kukabidhiwa mashine moja kwa moja. Bodi mpya ya aina hii hutoka kiwandani mpangilio huo ukiwa umezimwa, na fundi anayeifunga anatakiwa kuuwasha, kisha aweke alama ya vema kwenye fomu.

Kiberiti anavuta faili. Alama ya vema ipo.

“Nani kasaini hapa?” anauliza, kisha anaisoma saini, anamgeuzia mwenzake faili.

“Mimi,” anasema Dada Sweta. “Nilikuwa nimetoka kukagua ya tatu. Nikajaza hii kwa mazoea. Sikufungua kutazama.”

Kiberiti, aliyetarajiwa kuwaka, anakuna kichwa. “Mkuu wa zamu hajaiona hii.”

“Ataiona sasa hivi. Naipeleka mwenyewe.”

Mkuu wa zamu ni mama mwenye maneno machache. Alisoma fomu, akamsogezea kalamu. “Andika chini ilivyotokea. Kisha kaiwashe.”

Wapangaji wengine wa seva ya nne walihamishiwa kwa majirani, seva ikazimwa, ikawashwa, mpangilio ukabadilishwa. Dakika kumi na mbili kwa jumla. Mashine ya video iliporudishwa humo, ilikabidhiwa kadi yake. Siku iliyofuata mwanachama mmoja wa chama cha viziwi, mama mcheshi, aliombwa aijaribu. Alisimulia kwa mikono, kwa dakika arobaini, kisa cha mume wake na mbuzi aliyekula vyeti vya ndoa. Picha haikuganda hata mara moja. Alhamisi chama kiliandika: laini ibaki.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko seva. Jioni ile Dada Sweta alikaa mbele ya baba yake karakanani na kumweleza yote kwa mikono: kwamba chombo hakikuwa na haya, na kosa lilikuwa la binti mwenyewe.

Mzee alipangusa vumbi la mbao. Alijibu kwamba yeye aliwahi kuusawazisha mguu wa kiti, akakata huu, ukazidi ule, akakata ule, mpaka kiti cha mteja mzima kikawa cha mtoto. Mteja alikuwa hana mtoto.

Wakacheka mpaka wakafuta macho. Kisha mzee akauliza miadi ya daktari ni lini.

Dada Sweta anataka fomu zile zibadilishwe: seva yenyewe iulizwe na ijibu, fundi asiaminiwe kwa kumbukumbu zake. Anataka pia, Mungu akimpa uhai, kila dirisha la hospitali liwe na simu hiyo. “Nimekuwa mdomo miaka thelathini na tatu,” anasema. “Nikipewa iliyobaki niwe mtoto tu, inatosha.”

Ijumaa, saa nne asubuhi. Chumba cha daktari ni kidogo, kina pazia la kijani na mzani. Simu imeegemezwa kwenye boksi la glavu. Kwenye kioo kuna mkalimani, yule yule mtu mzima, amevaa shati jeusi ili mikono ionekane. Baba amekaa wima kitini. Binti amesimama pembeni yake, mahali pake pa siku zote.

“Haya mzee wangu,” daktari anasema. “Niambie, shida ni nini?”

Mikono ya mkalimani inaanza. Na mikono ya Dada Sweta nayo inainuka, bila yeye kujua.

Baba anaiona. Anaishika yote miwili, anaishusha taratibu, anaiachia. Halafu anamtazama binti yake na kuelekeza kidevu mlangoni.

Dada Sweta anachukua mkoba wake, anatoka, anauvuta mlango mpaka unajifunga.